Maswali ya wasomaji: herufi 感 katika Kichina

SWALI: Herufi 感 hunitoka imebanana, na mwalimu huisoma kama nimeandika 惑. Tena, 感觉 na 觉得 zinatofautianaje?

JIBU: 感 (gǎn, toni ya 3, yaani kuhisi) ina mistari 13: 咸 juu, mistari 9, na 心, yaani moyo, chini, mistari 4. 咸 inachangia sauti, moyo unachangia maana. Anza na mstari mlalo wa juu, kisha unaoteremka kushoto, mlalo mfupi wa ndani, halafu 口. Ndipo ufuate mstari mrefu wa mshazari wenye ndoano, mkato wake na nukta. Moyo uje mwisho. Kubanana hutokana na ule mshazari: ukiuteremsha mno, moyo hukosa nafasi. Uachie moyo theluthi ya chini. 惑 (huò, shaka) haina mstari wa kushoto unaoteremka, na mlalo wake mfupi uko chini ya 口. Katika 感, mlalo huo uuweke juu ya 口.

感觉 (gǎnjué) hutumika kama nomino na kama kitenzi: 我的感觉, hisia yangu, 我感觉有点冷, nahisi baridi kidogo. 觉得 (juéde) ni kitenzi tu, na zaidi hutoa maoni: 我觉得很贵, naona ni ghali. Hapa Kiswahili kinakusaidia sana, kwani sehemu ya chini ya 觉 ni 见, kuona, nasi pia husema “naona baridi”.

Angalia matamshi: katika 睡觉, kulala, 觉 husomwa jiào.