Kukata maneno marefu ya Kiingereza kwa silabi na kuutambua mkazo

Anayejifunza Kiingereza akiwa amelelewa na Kiswahili huja na mazoea mawili yanayomponza: hutamka kila irabu anayoiona, na huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa miaka kadhaa nilitamka "comfortable" kwa kukaza "ta", na wasikilizaji waliniomba nirudie ingawa sikuacha hata herufi moja. Mkazo wa neno hilo uko mwanzoni kabisa.

Hesabu silabi kwa sikio, wala si kwa jicho, kwa sababu idadi ya silabi hufuata sauti za irabu zinazosikika. "Strengths", pamoja na msururu wake wa konsonanti, ni silabi moja tu, na "chocolate", lenye herufi nne za irabu, wengi hulitamka kwa silabi mbili.

Ukishalikata neno, tazama mwisho wake kwanza. Likiishia kwa -tion, -ic au -ity, mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi inayotangulia kiambishi hicho: katika "education" ni "ca", na katika "electricity" ni "tri". Yapo yanayokaidi, kama "Arabic" na "Catholic", yanayokazwa mwanzoni; hayo yakariri tu.

Jambo gumu zaidi, na ambalo naona halifundishwi vya kutosha, ni kufifia kwa irabu zisizo na mkazo. Linganisha "photograph" na "photographer". Katika neno la kwanza, o ya mwanzo husikika kamili na ya pili hufifia hadi kuwa sauti fupi isiyo na umbo. Katika neno la pili mambo hugeuka, o ya mwanzo ikafifia na ya pili ikakazwa. Kiswahili hakifanyi hivyo, kwa hiyo ulimi wetu hukataa, na ukizitamka irabu zote kwa uzito uleule, mkazo wako hautasikika hata ukiwa mahali pake.

Katika kamusi zinazotumia alama za fonetiki za kimataifa, kistari cha wima kilicho juu hutangulia silabi yenye mkazo. Kisome kwanza, kisha lijenge neno kutoka nyuma: "tion", "cation", "ducation", "education", ukigonga meza kila unapofika "ca".