Kwa nini BBC walirudi kwenye masafa mafupi vita ya Ukraine ilipoanza?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, nilisikia BBC wamerudisha matangazo ya SW (masafa mafupi) kule. Kwa nini wahangaike na redio ya kizamani wakati kila mtu ana simu?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Angalia kwanza mtambo uko wapi. Mawimbi ya FM hayapiti upeo wa macho, hivyo mnara lazima uwe jirani na msikilizaji, na mnara wa jirani hupigwa. Tarehe 1 Machi 2022 mnara wa televisheni wa Kyiv ulishambuliwa, watu wakafa chini yake. Moscow halikuhitajika kombora. Siku hiyohiyo redio Ekho Moskvy iliondolewa hewani, na siku mbili baadaye bodi yake ikaamua kuivunja. Tarehe 4 ikaja sheria ya kifungo hadi miaka 15 kwa "habari za uongo" kuhusu jeshi, na tovuti ya BBC ikafungiwa.

Masafa mafupi hupanda juu, hugonga ionosfia, tabaka la hewa yenye chaji za umeme juu angani, na kurudi ardhini hata maelfu ya kilomita mbali. Mtambo unakaa nchi nyingine, ambako askari wala hakimu hafiki. BBC walitumia 15735 kHz kuanzia saa 10 hadi 12 jioni, saa za Ukraine, kisha 5875 kHz kuanzia saa 4 hadi 6 usiku. Jua likizama ionosfia hulegea; masafa ya juu kama 15735 huipenya na kupotelea angani, ya chini kama 5875 ndiyo hurudi.

Halafu kuna usalama wa msikilizaji, na hili kwangu ndilo kubwa. Simu ikifungua tovuti, kampuni ya mtandao inaweza kuona. Redio inapokea tu, na haiachi kumbukumbu kwa mtu yeyote.

Kuvuruga matangazo hayo kunawezekana. Wasovieti walirusha kelele juu ya stesheni za nje hadi mwaka 1988, lakini ilihitaji mitambo mingi mno. Mijini kelele zilitawala, vijijini sauti ilipenya.

Kasoro ya mpango ule ni kwamba matangazo yalikuwa ya Kiingereza, na bibi wa kijijini Ukraine hakufaidika nayo. Radio Dabanga, inayowatangazia watu wa Darfur, Sudan, kutoka Uholanzi tangu 2008, hutumia Kiarabu. Hapo ndipo masafa mafupi yanapofanya kazi yake sawasawa.