Muziki wa opera kwenye piano: umenakiliwa, umetafsiriwa au umehamishiwa?

Swali: Jambo Mwalimu. Nafundisha piano hapa Ibanda, Bukavu. Kwenye programu ya tamasha la wanafunzi wangu niliandika: “Kifo cha Isolde, kutoka opera ya Wagner, kimenakiliwa kwa piano na Liszt.” Mwenzangu anataka niseme “kimetafsiriwa”. Nifuate lipi?

Jibu: Ndugu yangu, acha yote mawili. Kunakili ni kuandika nota za fidla kwenye karatasi ya mpigaji, alama kwa alama, bila kuongeza wala kupunguza. Liszt, mtunzi na mpiga piano, hakufanya hivyo mwaka 1867. Kwenye opera Isolde huimba akisindikizwa na fidla, na fidla huweza kuvuta sauti moja kwa muda mrefu, hata kuikuza. Sauti ya piano huanza kufifia mara tu baada ya kugongwa. Kwa hiyo Liszt alitumia tremolo, yaani nota zinazogongwa kwa kupokezana upesi upesi, pamoja na akodi, yaani nota kadhaa zinazogongwa kwa pamoja, zinazorudiwarudiwa, na sauti ya Isolde akaifuma humo humo kati ya vidole kumi. Mtu aliyepima na kuamua namna hiyo tukimwita mnakili tunamwonea.

“Kimetafsiriwa” nako msomaji atasubiri Kijerumani kigeuzwe Kiswahili, na kwenye piano haliimbwi neno hata moja.

Mimi ningeandika “kimehamishiwa kwenye piano na Liszt”, kama tunavyosema ofisa amehamishiwa Goma. Ile kauli ya kutendea ndiyo inayoonyesha kitu kimepelekwa wapi. Ukiandika “kimehamishwa” tu, wanamuziki watadhani ufunguo wa muziki umebadilishwa, yaani nota zote zimepandishwa au kushushwa. Tena jihadhari sana na “kwa piano”. Tunaandika kwa kalamu. “Kimenakiliwa kwa piano” inaigeuza piano kuwa chombo cha kuandikia!

Ila kama mna pia Rigoletto ya Liszt ya mwaka 1859, hata kuhamishia hakutoshi. Pale alichukua wimbo wa waimbaji wanne kutoka Rigoletto, opera ya Verdi, akautungia utangulizi na kuuzungushia mapambo yake mwenyewe. Huo uite “utunzi wa Liszt kutokana na Rigoletto ya Verdi”.

Na ukitaja “okestra”, kumbuka kwamba huku kwetu orkestre ni bendi ya rumba. Mzazi akisoma “muziki wa okestra” atangoja sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Andika “okestra ya opera”, kisha utaje fidla na tarumbeta zake.