Fimbo nyeupe na karo ya mwanao

Dada, umeuliza kama serikali ya Kenya inaweza kumsaidia mwanao aliyepoteza uwezo wa kuona. Ndiyo, inaweza. Anzia hospitali ya umma inayofanya tathmini ya ulemavu, kisha umsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Bila usajili huo utazungushwa bure. Hazina ya Baraza hilo husaidia karo na vifaa, kama fimbo nyeupe na mashine ya breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole.

Lakini tafadhali usiombe fimbo pekee! Sisitiza apate mkufunzi wa kumfundisha kutembea nayo barabarani, maana fimbo bila mafunzo hubaki nyuma ya mlango. Wakisitasita, wakumbushe kwa upole kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010: vifaa hivyo ni haki yake. Na kila barua, baki na nakala.