Maji nilikunywa, mbona jua lilinizidi?

SWALI: Shikamoo kaka. Oktoba nilisafiri peke yangu kwa baiskeli, Morogoro hadi Dodoma. Nilipoipita Gairo, saa saba mchana, misuli ilikaza, kichwa kikagonga, nikaanza kusikia baridi juani. Maji nilikuwa nimekunywa lita nne. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo baridi ndiyo imenitisha. Vinyweleo vikikusimama juani, shuka hapo hapo, ingia kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni. Maji matupu hayakutosha, maana jasho huondoka na chumvi. Fulana yako bila shaka ilibaki na mistari myeupe mgongoni. Mimi huchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, nikanywa mafunda mawili matatu kila robo saa.

Tena, saa saba si saa ya kupiga pedali njia ile. Ondoka kukipambazuka, saa tano ikukute umekaa kibandani kwa mama ntilie, usitoke kabla ya saa kumi. Na kwa kuwa uko peke yako, hakuna wa kukuambia umeanza kuropoka kwa kuzidiwa na joto. Kila kituo mpigie mtu wa nyumbani, azungumze nawe, akusikilize.