Nitamuaga lini Watasema?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa dume wa miaka 14, anaitwa Watasema. Marehemu mume wangu ndiye aliyemleta akiwa kidogo, kamficha ndani ya koti, na jina alimpa yeye kwa sababu ya maneno ya majirani. Tangu Pasaka miguu ya nyuma imelegea. Nikimwinua anakwenda hatua chache kisha anakaa. Amekonda, sufuria ya maji ya lita tatu inaisha kabla ya jioni, na anajikojolea palepale alipolala. Mdomo unanuka. Anachokubali ni supu ya dagaa, na siku nyingine anaitapika. Kwa ajili ya miguu nampa nusu kidonge cha diklofenaki, dawa ninayomeza mimi kwa mgongo. Mwanangu aliyeko Dar anasema nimwache afe mwenyewe kwa mapenzi ya Mungu. Jirani anasema ni mbwa tu, atanisaidia kwa rungu. Nitajuaje kwamba siku imefika? Na siku hiyo nikae naye au niingie ndani?
Mama wa Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya mengine yote nakuomba jambo moja la leo hii: hiyo diklofenaki usimpe tena. Kwa mbwa dawa hiyo huchubua tumbo hadi kutoa damu na huumiza figo, na kwa dalili ulizoniandikia, figo ndizo ninazozihofia zaidi. Panadol na ibuprofeni nazo usijaribu. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu, lakini hata hizo hapewi mgonjwa wa figo kiholela; daktari ampime kwanza. Na maji usimnyime ati asikojoe. Nimeona wengi wakifanya hivyo kwa nia njema. Figo zilizochoka haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo anakojoa kwanza ndipo anapata kiu. Ukimwondolea sufuria unamkausha.

Mpeleke, au umwite daktari aje nyumbani, achukue damu kuangalia yurea na kreatinini, yaani taka ambazo figo huzichuja, na apime sukari pia, kwa maana kisukari nacho huleta kiu ya namna hiyo. (Angekuwa jike asiyefungwa kizazi ningekuuliza habari za usaha kwenye mji wa mimba, ambao hutibika kwa upasuaji.) Huenda tapishi na kukataa chakula vimesababishwa kwa sehemu na vidonge vyako, na akiviacha akapata nafuu kidogo. Ila sitaki kukupa tumaini la uongo. Mbwa haonyeshi ugonjwa sugu wa figo mpaka zaidi ya theluthi mbili ya nguvu za figo zimekwisha, na zikishakwenda hazirudi. Kwa miaka 14, na miguu hiyo, kinachotafutwa ni siku nzuri chache.

Sasa swali lako lenyewe. Nitakusimulia la kwangu, kwa sababu nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nilikosea kwa mbwa niliyempenda. Alikuwa jike, anaitwa Kipusa, na uvimbe wake ulikuwa kwenye wengu. Kila asubuhi nilikuwa nikimwambia mume wangu, tumpe hadi kesho. Kipusa alikuwa amezoea kuamka akisikia funguo zangu zikigonga geti. Jioni moja nilifungua geti nikamwona kibarazani: alitikisa mkia mara mbili, akajikaza na miguu ya mbele ainuke, viwiko vikateleza kwenye sakafu. Akajaribu tena. Viwiko vyenyewe vilikuwa vimechubuka hadi kuonyesha nyama, na nzi walikuwa wameanza kutua masikioni. Nikatambua kwamba kwa wiki mbili nzima nilikuwa nikingoja niwe tayari mimi. Yeye alikuwa tayari zamani. Zile wiki mbili hazijanitoka moyoni.

Ndiyo maana nawashauri watu waamue vigezo mapema, kichwa kikiwa kimetulia. Kaa leo usiku uandike mambo matatu ambayo Watasema aliyapenda kuliko yote. Unayajua wewe, siyo mimi. Labda ni kukulaki getini, kumbwekea bodaboda wa maziwa, kulala juani chini ya mti fulani. Kisha chukua kalenda ya ukutani na kila usiku kabla ya kulala weka alama: kama ameweza hata mawili kati ya hayo, amekula, na hakulia kwa maumivu, weka alama ya vema, la sivyo weka alama ya mkasi. Usitegemee kumbukumbu, maana siku moja ya kula vizuri hukusahaulisha tano mbaya. Mikasi ikizidi vema ndani ya wiki mbili, piga simu kwa daktari mpange siku. Na kama hawezi tena kusimama kabisa, au anahema kwa shida, au amekataa chakula na maji siku nzima, usingoje kalenda.

Mwanao namwelewa, na naheshimu imani yake. Ila mwambie hivi: porini mnyama aliyedhoofika kiasi hiki hadumu siku nyingi. Aliyemfikisha Watasema hapa ni mama yake, kwa supu, kwa kumwinua, kwa kumbadilishia gunia likilowa. Tukiyarefusha maisha ya mnyama kwa mikono yetu, na mwisho wake umo mikononi mwetu. Kufa kwa figo si kulala usingizi; ni kichefuchefu, vidonda mdomoni, wakati mwingine degedege, kwa siku kadhaa.

Jirani mkatalie kabisa. Rungu na sumu ni ukatili, na Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Akikwambia “ni mbwa tu”, mumeo alishamjibu tangu siku aliyompa mbwa jina. Nadhani hapa ndipo penye uzito wako wote, mdogo wangu. Watasema ni kitu cha mwisho alicholeta mumeo nyumbani kikiwa hai. Lia kwa yote mawili, hakuna anayekudai maelezo.

Siku yenyewe iwe nyumbani kama inawezekana. Muulize daktari mapema: “Utamlaza kwanza?” Jibu linatakiwa kuwa ndiyo. Sindano ya kwanza ni ya usingizi. Baada ya dakika chache kichwa kinazama, haisikii tena sindano nyingine. Ya pili, ambayo kwa kawaida ni pentobabitali, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, huingia kwenye mshipa wa mguu wa mbele, na pumzi husimama kabla hujamaliza sala fupi, kisha moyo. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi kubwa moja mbili baadaye, misuli ikatetemeka, mkojo ukatoka. Usishtuke, hayupo tena. Mtu yeyote atakayekuja na dawa ya kulegeza misuli bila ya usingizi, mrudishe alikotoka.

Kaburi lichimbwe siku moja kabla, lisipungue mita moja kwenda chini. Dawa ile hubaki mwilini, na mbwa wa mtaani akifukua akala, atakufa naye. Usimtupe dampo. Mfunge kwa kanga au gunia, usitumie mfuko wa plastiki.

Umeuliza ukae au uingie ndani. Ukiweza, kaa. Wale walioingia ndani wengi wamenirudia wakijuta, na mbwa niliowaona wakibaki na mgeni peke yao walikuwa wakiutazama mlango. Tandika mkeka ukutani pale anapopenda jua, mpe kipande cha nyama ambacho siku nyingine ungemnyima, kaa upande wa kichwa ili akuone. Usihofu kulia mbele yake. Mwite kwa jina lake, polepole, na usinyamaze mpaka daktari akuambie kwamba moyo umesimama.