Kupanda si kazi, kazi kushuka: maswali yenu kuhusu goti

Barua tatu za toleo hili zimetoka Mwanza. Haishangazi: mji umekaa juu ya mawe, na hata kwenda dukani kuna mteremko.

*Nina miaka 63, mwalimu mstaafu. Asubuhi natembea Capri Point, na Jumamosi napanda mawe ya Isamilo au navuka kwenda kisiwa cha Saanane. Kupanda sina shida, ila nikishuka goti la kulia linachoma kwa mbele. Nikikaa muda mrefu linakaza. Eksirei imeonyesha gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limepungua. Jirani anasema ute umekauka, ninywe maji ya bamia. Mwingine anashauri goti lisafishwe kwa kamera. Je, niache milima?* – Mwalimu, Isamilo

Shikamoo Mwalimu. Milima usiiache. Badilisha namna ya kushuka, na ujenge paja.

Mtu anaposhuka, msuli wa mbele wa paja ndio breki. Unarefuka huku umekaza, na kwa kufanya hivyo unakandamiza kilegesambwa, yaani ile pia ya goti, kwenye mfupa wa paja. Mzigo unaopita gotini kila hatua unafika mara tatu ya uzito wa mwili, na zaidi. Paja likiwa dhaifu breki haishiki sawasawa, na kishindo kinapokelewa na gegedu. Hapo ndipo panapochoma.

Bamia ni mboga nzuri, kula na ugali na sato. Lakini ule mlenda humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, haufiki gotini. Tena goti lililolika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, ndiyo sababu huvimba. Kinachopungua ni gegedu, na hakuna kinywaji kinacholiotesha upya.

Kuhusu kamera, yaani upasuaji wa kuingiza kamera gotini kwa tundu dogo, kuwa mgumu kushawishika. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wagonjwa wengine walisafishwa goti na wengine walichanwa ngozi tu kisha wakashonwa. Nafuu ikawa sawa. Mwaka 2017 jopo la kimataifa likashauri kwamba goti lililochakaa kwa umri lisifanyiwe upasuaji huo, hata kama picha inaonyesha menisiki, ile pedi ya gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti, imechanika. Baada ya miaka 50 menisiki nyingi zimechanika hata kwa watu wasiolalamika chochote. Goti lililokwama kabisa likakataa kunyooka ni habari nyingine, hilo lipeleke hospitali.

Sasa mazoezi, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 bila kuruka. La kwanza: inuka kwenye kiti bila kushika, ukihesabu 2 kupanda na 4 kushuka, mara 10, raundi 3. Kiti kikikushinda weka mto juu yake ili kiwe kirefu, kisha uutoe baadaye. La pili ndilo lenye faida zaidi kwako: simama kwenye kidato cha sentimita 10 kwa mguu mgonjwa, teremsha kisigino cha mguu mwingine taratibu hadi kiguse chini, rudi. Mara 8 hadi 12. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, kidato ni kirefu mno kwako. La tatu: lala chali, nyoosha mguu, uinue sentimita 30, shikilia sekunde 5. Ukiliona jepesi, funga kilo 1 ya mchanga kwenye soksi kifundoni.

Maumivu ya 3 au 4 kwa 10 (0 ni hakuna, 10 ni yasiyovumilika) wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, punguza idadi ya marudio lakini usiache zoezi. Wengi hushindwa hapa: wanaumwa wiki ya pili, wanapumzika mwezi mzima, paja linanywea, wanaanza upya wakiwa dhaifu kuliko mwanzo.

Kwenye mteremko shika fimbo mbili. Zitangulize chini kabla ya mguu, piga hatua fupi, kata mshazari badala ya kushuka wima, na usirukie jiwe hata likiwa la sentimita 20. Uzito nao uutazame: kilo 1 ukipunguza, goti linapunguziwa takribani kilo 4 kila hatua. Dawa za maumivu kama diklofenaki zisiwe chakula cha kila siku, hasa kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Jeli yake ya kupaka ni salama zaidi, na kwa goti inafanya kazi kweli.

*Nina miaka 57. Niliteleza kwenye jiwe nikiwa navua, goti likajipinda, likavimba kabla sijafika nyumbani. Kuna mzee anayevuta viungo, niende?* – Mvuvi wa ndoana, Igombe

Usiende, ndugu yangu. Goti linalovimba ndani ya saa 2 mara nyingi limejaa damu: kano ya msalaba, ile inayofunga mifupa katikati ya goti, imekatika au mfupa umepasuka. Linalovimba kesho yake huwa zaidi ni menisiki. Likivutwa wakati kuna ufa, ufa unafunguka. Mwenye miaka 55 na kuendelea aliyeumia goti hupigwa eksirei hata kama anatembea. Chini ya umri huo hupigwa asiyeweza hatua 4, asiyeweza kukunja hadi nyuzi 90, au mwenye maumivu akibonyezwa kwenye kilegesambwa au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba, upande wa nje chini ya goti.

Ukiwa njiani kwenda hospitali: bandeji ya mpira, mguu juu, na barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika 15, kila baada ya saa 2 au 3. Barafu ya samaki inafaa, ila isigusane na ngozi. Usikande kwa maji ya moto siku 2 za mwanzo.

*Mama yetu ana miaka 68, nyumba yetu Igogo iko juu mlimani, ngazi za mawe. Daktari ameshauri abadilishiwe goti. Anapenda kutembea na anasali kwa kupiga magoti. Tujiandaeje?* – Wanawe

Mpeni pole, na mwulizeni kwanza: maumivu yanamwamsha usiku? Ameshafanya mazoezi miezi 3 bila nafuu? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, wakati umefika. Goti la chuma na plastiki hudumu. Kati ya 10, takribani 8 hufika miaka 25.

Kabla ya siku yenyewe: kisukari kidhibitiwe, jino bovu litibiwe, na kidonda chochote cha mguu kipone. Bakteria wakifika kwenye chuma ni shida kuwatoa. Asichomwe sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) gotini ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji, kwa sababu hiyohiyo. Ulizeni pia kama bima inalipia goti lenyewe au upasuaji tu.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kitakachowasumbua, na wengi hukikumbuka mgonjwa akiwa tayari mlangoni. Goti jipya hukunja hadi nyuzi 110 au 120, na kuchuchumaa kunataka zaidi. Fundi seremala amtengenezee kiti chenye tundu, urefu wake uwe kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti, ongeza sentimita 5. Vigoda viondoke jikoni, na mikeka pia, maana magongo hunasa.

Akirudi, mto usiwekwe chini ya goti hata akiomba. Anaona raha, lakini goti linapona likiwa limekunjika na atachechemea. Mto ukae chini ya kisigino. Lengo la wiki 2 ni kunyooka kabisa na kukunja karibu nyuzi 90. Dawa ya maumivu anywe nusu saa kabla ya zoezi. Kwenye zile ngazi, kupanda mguu mzima utangulie, kushuka utangulie mgonjwa pamoja na gongo. Kigimbi kikivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku: damu huenda imeganda. Kidonda kutoa usaha au homa, vilevile.

Matembezi ya tambarare yanawezekana baada ya wiki 6, mlima mdogo na fimbo baada ya miezi 3 hadi 6. Kupiga magoti hakuvunji kitu kidonda kikipona vizuri, ila wengi huhisi ganzi na uchungu wa ngozi. Ajaribu kwenye godoro kwanza, akishindwa asali ameketi. Kuogelea ziwani asijaribu kabla kovu halijafunga, na hata baadaye aepuke penye matete, maana konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia. Na bodaboda asipande miezi 3 ya mwanzo. Kurusha mguu juu ya kiti ndiko kunakoangusha.